Visigino vya Baba Mkwe

Haya niliambiwa na Subilaga mwenyewe, mwaka ule mvua ilipokataa kuondoka na viazi vikaozea ardhini. Tulikuwa jikoni kwake tunamenya ndizi za msiba wa jirani, wenzetu wamekwenda mtoni, akaanza kusimulia bila kuulizwa, macho yake kwenye kisu. Alisimulia polepole, nami sikuwa na haraka.

Subilaga ni mke wa Gwamaka. Huyo Gwamaka yuko Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na salamu zake huja mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Nyumbani, kwenye mteremko wa mlima Rungwe, wamebaki watu watatu: Subilaga, mama mkwe wake Bibi Tumpe, na mtoto mmoja wa kiume ambaye hajaanza shule. Baba mkwe alikuwepo, akafa masika yaliyopita. Sasa, kwa wasiojua mila yetu ya zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani ni yeye anayeingia majanini, anajifunika khanga mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha. Nyumba ile haikuacha. Miaka yote ya ndoa yake Subilaga alimjua yule mzee kwa nyuma tu: koti lake la mvua lililochanika begani, kikohozi chake cha asubuhi, na visigino vyake vilivyopasuka kama tope la kiangazi. Chakula alikiweka mlangoni akaondoka. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la babu yake, na hapo mama akakosa jina la kumwitia mwanawe. Bibi alimwita Mume Wangu, kwa ule utani wa mabibi. Subilaga alimwita Mwenzangu, maana hakuwa na mwingine.

Basi mtoto anashikwa na homa. Wamekwenda zahanati, wamepewa dawa, wameambiwa anyweshwe maji kidogo kidogo na asiachwe bila wa kumtazama. Bibi Tumpe anajitwika kikapu aende kuchuma chai, anasimama mlangoni, anasema, Usisinzie, mwanangu, homa hii si ya kusinzia. Subilaga anasema, Sisinzii, mama. Ni mchana lakini ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Amempakata mtoto ndani ya kitenge karibu na mafiga, na mwili wa mtoto unamchoma mapaja kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Jana hakulala, wala juzi. Anautazama moshi unavyokutana na ukungu mlangoni, mmoja unataka kutoka, mwingine unataka kuingia, na hajui ni upi ulioshinda. Anachojua ni kwamba kitenge kiko mapajani na ndani yake hamna mtu.

Anainuka. Mlango uko wazi, na kwenye udongo mweusi uliolowa kuna nyayo ndogo zinazopanda mlimani, na pembeni yake nyayo kubwa, visigino vimechora nyufa zake ardhini. Anavuka kizingiti, na njia inaanzia pale ambapo asubuhi palikuwa na migomba. Inapanda katikati ya mianzi, inapanda tu, inajizungusha na kupanda tena, na mlima Rungwe ambao kila siku huwa mkono wake wa kushoto sasa uko mbele yake, akipepesa macho uko nyuma yake, akipepesa tena uko kulia na unafuka moshi, mlima ambao babu za babu waliukuta umelala. Mawe ya njiani ni mepesi, akiyakanyaga yanaelea kidogo kabla ya kutua. Hakuna ndege, hakuna jogoo wa mtu, hakuna hata moshi wa jiko la mbali. Anaita, Mwenzangu, na sauti yake inakwenda, inazunguka, inarudi mikono mitupu. Kisha kwenye kona anaona koti la mvua lililochanika begani. Mzee anateremka upande wake, kichwa kimeinama, amemshika mtoto mkono, wanamjia kabisa, wamebakiza hatua chache. Na kabla Subilaga hajawaza lolote, miguu yake inafanya kazi iliyoizoea. Inaruka pembeni, inaingia kwenye majani yanayowasha, anachuchumaa, anajifunika khanga, anangoja. Anasikia visigino vinapita. Anasikia mtoto anakohoa kikohozi cha babu yake. Anangoja mpaka pawe kimya, kama alivyofundishwa na shangazi zake, ndipo anajifunua, na njia ni tupu. Heshima yake imempitisha mtoto mbele ya pua yake. Anakimbia. Anawaona tena kwenye tambarare ya majivu, safari hii wamempa mgongo, anakimbia mpaka anakaribia kulishika lile koti, mzee anakohoa kidogo, kile kikohozi cha kuonya watu kwamba napita, na Subilaga yuko majanini tena, khanga usoni, analia kwa hasira ndani ya khanga yake.

Akitoka, njia imeshuka hadi ziwani. Ni ziwa lililokaa ndani ya kinywa cha mlima, kijani, halitikisiki, na ndani ya maji kuna mji. Anautafuta mji huo ukingoni, juu, ulipopaswa kuwa, haupo, uko ndani tu, mabati yake yanatazama chini. Anatia mguu, maji hayamloweshi, anashuka kama anayeshuka kisimani, na yuko barabarani. Ni mji wetu wa Tukuyu na si Tukuyu. Duka la vitenge liko mkono usio wake, mvua inatoka ardhini inapanda, na watu ni wengi, ila kila mtu anatembea peke yake na wote wamempa mgongo. Anamzunguka mmoja amtazame mbele, na mbele napo ni mgongo. Chini ya upenu kuna mwanamke ameketi anasuka ukili wa mkeka. Huyu ameelekea kwake, lakini pale uso ungekuwa pamelainika tu kama ganda la yai. Subilaga anamwamkia, anamwuliza, Mama, umeona mzee akipita hapa na mtoto? Yule mwanamke anasema, Mtoto aliyepotea au mtoto aliyeazimwa? Mtoto wangu, anasema Subilaga. Na huyo mzee ana uso gani? Sijui, mama. Humjui naye amekaa na mwanao? Ni baba mkwe wangu. Mwanamke anacheka, vidole vyake haviachi ukili, anauliza, Sasa usiyemjua uso utamtambuaje? Subilaga anasema, Navijua visigino vyake. Ooh, anasema mwanamke, tazama basi, huku wote tuna visigino. Na kweli, Subilaga akitazama chini anaona mji mzima unakwenda kwa visigino vilivyopasuka. Anauliza, Wanakwenda wapi? Kila mmoja anatafuta wa kutembea naye, anasema mwanamke. Akimpata, wanavuka daraja. Na aliyevuka? Aliyevuka hasumbui mtu tena. Kisha anauvuta ukili wake, na ule ukili ndio njia, unatoka mapajani mwake unakwenda mpaka usipoonekana. Anasema, Pita juu yake. Ukifika bondeni kwenye ndege waliolala, usiiname, kuna hewa mbaya chini. Na ukimwona, usijifiche, shangazi zako wamfundishe mtu mwingine.

Anapita juu yake. Hajui amekwenda muda gani, maana jua liko lile lile nyuma ya ukungu ule ule, na milima inabadilishana nafasi kama watu wanaopishana mlangoni. Huku wamekaa vizuri, anawaza, hakuna anayekuuliza habari za mumeo. Kisha anawaza kwamba hakuna anayekuuliza habari yoyote, na anaongeza hatua. Anafika bondeni. Ndege wamelala chini, wamefumba macho, manyoya yao hayana hata vumbi, na mmoja ni kifaranga wake mwenyewe wa pale nyumbani. Anataka kuinama amwokote. Hainami. Mbele kuna daraja la jiwe moja, jiwe ambalo mlima ulilitapika likaganda likiwa linavuka mto, na ng'ambo yake hakuna nchi, kuna weupe tu. Na pale daraja linapoanzia kuna koti la mvua, na mtoto.

Miguu yake inaanza kwenda majanini. Anaizuia kama mtu anayezuia ng'ombe wawili, anasimama katikati ya njia, anaita, Mwenzangu. Na nyuma yake, na pembeni, na kutoka ndani ya ukungu, watu wote wa ule mji, ambao kumbe walikuwa wakimfuata, wanaitika pamoja, Naam, kwa sauti moja iliyochoka, sauti ya watu waliongoja siku nyingi kuitwa hivyo. Mtoto hageuki. Atajuaje kuwa ni yeye? Mzee ameshaweka mguu kwenye jiwe. Hapo Subilaga anafungua kinywa na kutoa neno ambalo ulimi wake haujawahi kuligusa, na linatoka na kutu. Ambwene, anaita.

Wanageuka wawili. Mtoto anageuka, na mzee anageuka, kwa pamoja, kwa namna ile ile ya kutanguliza bega, na mzee ana uso. Ni uso wa yule mtoto, umekaa tu juani miaka mingi. Subilaga anautazama, hajifuniki. Mzee anasema, Mkwe wangu, umesimama njiani. Nimesimama, baba. Na umeniita. Sikukuita wewe, baba, nimemwita mwanangu, umegeuka mwenyewe. Mzee anacheka mpaka anakohoa. Anasema, Miaka yote ile nikipita unaruka majanini, nilifika mahali nikanusa koti langu. Subilaga anasema, Ilikuwa heshima, baba. Najua, anasema mzee, mimi ndiye niliyetoa ng'ombe ili nipate mtu wa kunikimbia. Lakini nilikuwa nakujua. Ukigombana na mwanangu chumvi inazidi, nikila najua leo nisipite karibu na jiko. Subilaga anasema, Baba, naomba mtoto. Na mimi nitatembea na nani? anauliza mzee, na anauliza kweli, si kwa kumtega. Kule kwenu nilikaa na watu wananipa mgongo, huku nako ni migongo. Nilipita tu nikamkuta macho, nikamwambia, nisindikize. Subilaga hana la kumpa. Chakula hawezi kumletea huku, na mtoto hampi. Anasema, Nitakuita. Kila nikimwita huyu nitamwita kwa jina lake, kwa sauti, mbele ya watu, na wewe kokote uliko utageuka. Mama yenu atakusikia, anasema mzee. Asikie. Atakurudisha kwenu. Anirudishe, ila nitakuwa nimekuita. Mzee anamtazama mtoto, anautazama mkono mdogo ulio mkononi mwake, anaufungua polepole, kidole kimoja kimoja. Anasema, Ukiacha kuita nitapita tena. Sisemi kwa ubaya. Nitapita tu kuangalia.

Subilaga anafumbua macho, yuko jikoni kwake. Moto umebaki makaa. Mtoto yuko ndani ya kitenge, shingo imelowa, na jasho lake ni la baridi. Mlangoni ni ukungu mtupu, mlima hauonekani, kwa hiyo hawezi kujua uko mkono gani. Bibi Tumpe amerudi, amechuchumaa anapanga kuni, amempa mgongo. Subilaga anautazama mgongo ule, anataka ugeuke na anaogopa ugeuke. Anajiambia, hii ni ndoto, nikinyamaza sina kosa kwa mtu. Kisha anakumbuka ile nitapita tena. Anaita, Ambwene. Mtoto anaitika, Naam, anataka maji. Nje, upande wa migomba, kitu kinakohoa, labda mbuzi. Mkono wa Bibi Tumpe umesimama na ukuni wake. Umemwita nani? anauliza. Nimemwita mwanangu, mama. Kwa jina hilo? Ndilo jina lake. Kwa kosa hilo, zamani, mkamwana alifunga mzigo siku hiyo hiyo, na Subilaga ameshaanza kuwaza njia ya kwao na mvua ilivyoiharibu. Tangu tumzike, anasema Bibi Tumpe, na bado hajageuka, jina hilo halijasikika ndani ya boma hili. Watu wanakuja wanasema marehemu, marehemu. Mimi nasema baba yao. Anauweka ukuni motoni. Mwite tena, anasema. Subilaga anaita tena, na mtoto, kama mtu mzima aliyechoshwa, anasema, Si nimeshaitika? Mgongo wa Bibi Tumpe unatikisika, na kwa nyuma huwezi kujua kama mtu anacheka au analia.

Hageuki mpaka giza linaingia, anasema kuni ni mbichi, moshi ni mwingi. Mtoto anakula nusu ya ndizi na kulala, nusu nyingine iko mkononi mwake. Bibi Tumpe anajilaza ameelekea ukutani. Baada ya muda Subilaga anamsikia anajigeuza, lakini taa imezimwa, na gizani hakuna mtu mwenye uso. Umelala? anauliza Bibi Tumpe. Bado, mama. Unangoja nini? Subilaga anasema, Mama, nikilala sijui nitakuwa natoka au narudi. Lala, anasema Bibi Tumpe, mtoto namtazama mimi. Na haichukui muda, anakoroma yeye. Subilaga anabaki peke yake kati ya pumzi mbili, ananyoosha mkono, anakigusa kisigino cha mtoto, kilaini, anasema Ambwene mara moja tu, polepole, kwa wote wawili. Anasikiliza nje. Ama kuna kikohozi ama hakuna. Anaisogeza miguu yake chini ya blanketi, anaituliza, naye analala.