Mkono wa Kushoto

Mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuja kunipima alifika kabla ya kengele ya kwanza, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Wenzake wawili waliomtangulia walikuja wamechelewa, wakanywa chai ofisini, wakachungulia darasa langu robo saa, wakaaga. Huyu alikataa chai. Mwalimu mkuu alinifuata mbio mpaka mlangoni kwangu.

"Dada, wa leo hacheki," akaninong'oneza. "Kauliza kama lile dawati la nyuma lenye bawaba mbovu bado lipo. Kalijuaje?"

"Akae anapotaka, kaka. Mimi siyo seremala."

Nilijibu kijeuri, lakini ujeuri ulikuwa wa mdomoni tu. Nina cheti cha ualimu na miaka ishirini na mitatu ya kula vumbi la chaki. Wakubwa wakaamua kwamba mwaka huu ukiisha, asiye na shahada hatashika tena darasa. Basi nikarudi shule, mtu mzima na miwani yangu. Miaka mitatu nilikwenda chuo kikuu kila likizo, nikakaa na vijana wanaoniita mama, nikaandika insha kuhusu namna mtoto anavyojifunza. Mimi niliyezaa watatu! Mitihani yote nilifaulu. Lilibaki somo hili moja la kutazamwa darasani, nalo ndilo la kuamua. Nikianguka nakusanya vitabu vyangu, na kazi nyingine siijui.

Kwa hiyo nilijipanga, kama nilivyojipanga miaka yote mkaguzi anapokuja. Wanafunzi wangu wanajua makubaliano yetu tangu wiki ya kwanza. Mgeni akiwepo, kila mtu anyooshe mkono kwa kila swali: anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni anaona msitu wa mikono. Mimi nachagua ya kulia tu, majibu yanatoka sahihi, na hakuna mtoto anayeaibika. Chuo kikuu hawafundishi hilo.

Mhadhiri aliingia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi, fomu ya tathmini mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu sana."

Akapita moja kwa moja mpaka nyuma. Dawati lile hubana vidole vya kila mgeni. Yeye alishika kifuniko kwa pembeni, akakiinua kidogo kidogo, akaweka mkoba wake ndani, akakishusha bila kelele. Sikupenda.

Nilipiga moyo konde nikaanza. Somo lilikuwa kujumlisha sehemu.

"Nusu jumlisha theluthi ni ngapi?"

Mikono ikapaa, yote. Nikamchagua wa mbele, wa kulia, akajibu barabara: tano juu, sita chini. Nikauliza la pili, nikachagua wa kulia. La tatu hivyo hivyo. Somo lilikwenda kama maji mteremkoni, ila kila nilipotupa jicho nyuma, kalamu ya mhadhiri ilikuwa bado na kofia yake. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mikono, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alikuwa anahesabu.

Nilipouliza swali la nne, naye alikuwa amenyoosha mkono.

Kwanza nilidhani anaomba kutoka. Kisha nikaona ni mkono gani.

"Ndiyo, mheshimiwa?"

"Usinichague, mwalimu," akasema taratibu. "Mimi ni wa kushoto. Miaka minne nilinyoosha huu huu, kwenye dawati hili hili. Hukunichagua hata siku moja."

Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nilikuwa nimezivuka zamani nikajisahau. Nilimtafuta kichwani mwangu. Niliwakumbuka wenzake wa mbele mmoja mmoja, wenye akili, niliojivunia. Yeye sikumwona popote. Hata kuwahi kumkasirikia sikukumbuka, na niliona aibu.

"Baba yangu," nikasema, "kama unataka kunifelisha, nifelishe tu. Usinitese mbele ya watoto."

"Sijaandika kitu bado. Una dakika ishirini na tano." Akawageukia wanafunzi. "Mlionyoosha wa kulia, shusheni."

Walinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Mikono tisa ikashuka.

Ikabaki thelathini na minne, hewani, imetulia. Sikuwahi kuiona peke yake. Miaka yote jicho langu lilikuwa likiiruka, na nilidhani huko ndiko kuwasitiri.

Mhadhiri akavua kofia ya kalamu.

"Sasa fundisha, mwalimu," akasema. "Hao."

Nikaokota chaki, ikanikatikia mkononi. Nikachukua nyingine. Karibu na dirisha kulikuwa na binti aliyenyoosha mkono wa kushoto juu kabisa, bega limeinuka, macho hayanibanduki. Nikasogea, nikamwonyesha kwa kidole, nikafungua kinywa nimwite.

Jina lake sikulijua. Tangu mwaka uanze namfundisha kila siku, na jina lake sikulijua.

Nyuma kule, kalamu ikaanza kuandika.