Jina Lililolelewa Rhonda

Elphas alipokuwa akiaga dunia hakuzungumza juu ya shamba wala ng'ombe. Alimshika mkewe Chepkemei mkono, akamwomba jambo moja tu. Weldon, kijana wao, akijaliwa mtoto wa kiume, jina la kwanza kuitwa liwe la Kibii.

"Hata kabla ya langu," alisema.

Chepkemei aliahidi. Aliahidi haraka, kama mtu anavyomwahidi mgonjwa, na baada ya mazishi ndipo alipoanza kuona uzito wa mzigo aliojitwika.

Kwao, Wakalenjin wa Kipsigis wa pande za Njoro, mtoto mchanga hachaguliwi jina la ukoo kitabuni. Akina mama humzunguka asubuhi, wakataja majina ya marehemu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, na mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi hilo ndilo lake. Wazee husema marehemu huyo amerudi nyumbani. Chepkemei, ambaye magoti yake yalikuwa magumu kwa kusali, alikuwa na maelezo yake mwenyewe. Alisema Mungu hamsahau mtu hata mmoja, na chafya ya mtoto ni kengele ndogo ya kutukumbusha na sisi.

Shida ni kwamba Kibii hakuwa marehemu. Alikuwa ndugu mdogo wa babu ya Elphas, kijana aliyelima kwa maksai katika shamba la mzungu, shamba lile lile ambalo baadaye ukoo ulilinunua na bado unaishi juu yake. Wakati wa vita vya Hitler alichukuliwa jeshini, akavushwa bahari hadi Burma, na hakurudi. Chifu alikuja kusema amekufa. Mama yake Kibii alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kama alimwona kwa macho yake akizikwa. Chifu hakuwa amemwona. Basi yule mama akakataa kunyolewa. Desturi ilikuwa kwamba mtu akifa, watu wa nyumba yake hunyolewa nywele, na hapo ndipo kifo chake hukubaliwa. Yeye alizeeka na nywele zake, akaingia nazo kaburini. Kwa kuwa hakuna aliyenyolewa, hakuna aliyethubutu kusema Kibii amekufa, na mtu ambaye hajafa haitwi kwa mtoto. Ni kama kumtakia mauti. Watoto wakazaliwa, wakazaa wengine, wakapiga chafya kwa majina ya kila mtu, na jina la Kibii likabaki nje ya mlango.

Sasa Jepkemboi, mke wa Weldon, alikuwa mjamzito baada ya miaka mingi ya kungoja, na picha ya hospitali ilikuwa imesema ni mvulana. Mwenye neno la mwisho alikuwa Mzee Micah, baba yake Elphas, aliyekuwa anakaribia miaka tisini. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya watu waliomwona Kibii kwa macho. Akiondoka yeye, hakungekuwa tena na mtu wa kuufungua mlango ule.

Chepkemei alimwendea akiwa na chupa ya chai, akaketi mbali kidogo kama inavyompasa mke wa mwana, akalieleza ombi lake. Micah hakumkaripia. Alisema tu kwamba nyanya yake alimlea yeye kwa mikono yake, na hawezi kumzika mtoto wa nyanya yake kwa maneno ya kusikia.

"Elphas alikwenda mpaka Nairobi," Chepkemei alimkumbusha. "Walimwonyesha majina ya askari waliokufa."

"Walimwonyesha akina Kibii wengi. Wetu ni yupi?" Micah alikunywa chai. "Niletee mtu mmoja anayejua alikolazwa. Mmoja tu, mama Weldon. Nitanyamaza."

Alitoka pale akijua kwamba ameombwa kitu kisichowezekana. Askari wote wa vita vile walikuwa wamekwisha. Lakini hakuwa mtu wa kuliacha jambo kabla ya kulipeleka kwa Mungu, na hakulipeleka kwa siri. Ilipofika siku ya maombi ya akina mama huko Nakuru mjini, makanisa yote ya wilaya yakiwa yamekusanyika, alisimama mbele ya umati akaomba waombee askari aliyepotea katika ukoo wa mumewe, aitwaye Kibii, aliyekwenda Burma, ili Mungu aonyeshe alikolazwa. Baadhi ya akina mama walitazamana. Walikuwa wamezoea kuombea wagonjwa na watoto walevi, si vita vya zamani. Hata hivyo waliomba.

Wakati wa chakula, mama mmoja aliyeitwa Sue, muuza mboga wa mtaa wa Rhonda, alikuja na sahani yake akaketi kando ya Chepkemei.

"Dada, hapo kwetu kuna mzee anaitwa Kibii. Lakini usifurahi mapema. Ni Mjaluo."

Akina mama waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema labda mamake alimpata kwa jirani Mkalenjin, na mwingine akamwambia amche Mungu, wako kanisani. Sue naye alicheka, lakini akasema hapana, yule ni Mjaluo kamili, na watoto wake wote wanaitwa Kibii kwa jina la mwisho, na watu wakimwuliza husema ni jina la askari.

Chepkemei aliiacha sahani yake pale pale.

Yeye na Sue walimkuta Mzee Kibii Oduor ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya lango lake, akisikiliza redio, suruali yake ikiwa imepigwa pasi utadhani anangoja kuitwa kazini. Alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, kama babake kabla yake. Chepkemei alipomweleza anakotoka, mzee aliizima redio.

Alisimulia taratibu. Babake, Oduor, alikuwa Burma. Siku moja ya mvua walipigwa risasi wakipanda mlima, na Oduor akavunjika mguu. Mkalenjin mmoja wa kikosi chake, aitwaye Kibii, alimbeba mgongoni akamteremsha hadi mtoni, akamlaza, kisha akapanda tena kumfuata mwingine. Huyo wa pili naye alimfikisha. Alipogeuka kupanda mara ya tatu, ndipo alipopigwa. Oduor alijiburuta hadi pale mwenzake alipoanguka. Usiku ule walimzika kando ya mto chini ya mti uliokatika, na Oduor alichimba kwa mikono na sufuria ya bati kwa sababu hakuweza kusimama. Kabla ya kumfunika alimtia nyasi mbichi mkononi, maana Kibii alikuwa amewahi kumwambia kwamba kwao nyasi ni baraka.

"Nikazaliwa mimi baada ya vita, hapa hapa Nakuru, nyumba za reli," mzee aliendelea. "Nikawa nalia. Sinyonyi, nalia tu. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina lake. Wakataja wote wa kwetu. Nikaendelea kulia. Baba akasema, jaribuni Kibii. Nyanya yangu akakasirika, akamwuliza, huyo ni wa ukoo gani? Baba akasema, ni wa mgongo wangu. Wakanitaja hivyo, nikanyamaza, nikanyonya."

Mzee aliingia ndani akatoka na picha za familia. Huyu Kibii ni mwalimu mkuu, huyu Kibii ni nesi, ana nyumba mtaa wa Milimani, huyu Kibii mdogo anasomea udaktari wa mifugo, tena huko huko Njoro. Alizitaja kazi zao kama mtu anayehesabu ng'ombe zizini jioni akiona wote wamerudi. Chepkemei alizitazama zile nyuso za Kijaluo zenye jina la ukoo wa mumewe. Kibii hakuacha mtoto hata mmoja duniani, na hii hapa nyumba yake.

Njiani alimshukuru Mungu bila kufunga mdomo. Lakini alipofika Njoro na kumweleza Micah yote, mzee alisema tu, "Mlete hapa."

Mtoto alizaliwa wiki hiyo hiyo, na Jumamosi asubuhi akina mama wa ukoo walikuwa wamejaa ndani ya nyumba ya Weldon. Gari la yule Kibii mwalimu mkuu liliingia uani. Mzee Kibii alishuka na bakora yake, amevaa koti na tai. Micah alikuwa ameketi kwenye benchi nje, kofia kichwani, akitazama ngano iliyokuwa imeanza kubadilika rangi. Walisalimiana kwa heshima. Mzee Kibii alisimulia tena habari za mlima, mto na nyasi, na watu waliokuwa uani wakasikiliza bila kukohoa. Alipomaliza, uso wa Micah haukuwa umebadilika.

"Umesema vizuri," alisema. "Lakini waliokufa kule ni wengi, na akina Kibii ni wengi. Mimi nataka kitu kimoja. Wetu alikuwa akilima na maksai. Wa mbele, upande wa kushoto, aliitwa nani?"

Swali hilo Chepkemei hakuwahi kulisikia katika nyumba ile. Elphas mwenyewe hakuwahi kulitaja. Alianza kusali kimya kimya pale aliposimama, mkono ukiwa mdomoni.

Mzee Kibii alimtazama Micah, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika bakora kwa mikono miwili.

"Meneja," alisema. "Ng'ombe mvivu kuliko wote. Huyo Kibii alimpa jina la meneja wa mzungu ili apate kumchapa na kumtukana siku nzima, meneja mwenyewe akiwa amesimama hapo. Siku meneja alipogundua, alimwandikisha jeshini. Mzee, mimi nililelewa na hilo jina. Nikichelewa kuamka kwenda shule, baba anapiga mlango, amka Meneja, jua limetoka. Mpaka nikaoa bado ananiita hivyo."

Micah aliangalia chini. Mabega yake yakatikisika, na Chepkemei alidhani analia, kumbe anacheka, au ni vyote viwili.

"Nilikuwa mtoto," Micah alisema. "Nilikuwa natembea mbele ya hao ng'ombe, nimeshika kamba. Nyumbani, mimi na yeye tu ndio tuliokuwa tunajua. Alimwambia baba yako."

"Alimwambia."

"Na alibeba watu wawili."

"Wawili. Na alikuwa anamwendea wa tatu."

Micah aliinua kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetangaziwa ushindi wa kijana wake mbele ya kijiji kizima. Akaivua kofia. Nywele zake nyeupe, chache, zikapeperuka na upepo.

"Weldon," aliita. "Leta wembe na maji. Nyanya yangu hakunyolewa. Leo uninyoe mimi."

Weldon akaupitisha wembe. Nywele zilianguka juu ya benchi na kwenye nyasi, na Mzee Kibii akashika beseni la maji bila kuombwa. Ilipokwisha, Micah alikipapasa kichwa chake, akamtazama mke wa mwanawe, akamwambia aingie ndani akafanye kazi yake.

Ndani, Chepkemei alipiga magoti akaomba. Kisha akamchukua mtoto kwa Jepkemboi, akamweka mapajani, na akina mama wakasogea.

"Kibii," waliita. "Kibii, njoo nyumbani."

Mtoto akapiga miayo.

Wakaita tena. Mtoto akafumba macho. Wifi yake Chepkemei akamgusa bega, akasema kwa upole kwamba labda wamjaribu Elphas. Chepkemei alihisi jina la mumewe likimpanda kooni. Alilitamani kuliko chakula. Kumbeba tena Elphas, mdogo, mwenye joto, mapajani pake. Nani angemlaumu?

"Bado," alisema.

Alimwinamia mtoto, akamwita yeye mwenyewe, peke yake, kwa sauti ya mtu anayemwita mkulima kutoka ng'ambo ya shamba. "Kibii. Kibii mwenye Meneja. Uliyebeba watu. Njoo."

Mtoto alikunja uso, akafungua mdomo, na akapiga chafya iliyomtikisa mwili mzima.

Kicheko na vigelegele vya akina mama vilijaza nyumba, vikatoka madirishani hadi kwenye ngano. Nje, kwenye benchi, Micah aliye na upara mpya alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Kibii," alisema. "Unaitwa ndani."

Mzee wa Rhonda alisimama, akafunga vifungo vya koti lake, akanyoosha tai, na akaingia kumsalimu wa jina lake.