Mizinga Kumi na Miwili

Mganga msaidizi Wenceslaus alimulika jicho la kushoto la mke wangu, akahamia la kulia, kisha akarudi kushoto kama mtu asiyeamini alichokiona.

"Macho yote mawili yamevuja damu kwa ndani," alisema. "Na kwa anavyotapika, nahofia kichwani pia. Bwana Yoramu, nani kampiga?"

"Tangu tufunge ndoa mwaka 1931 sijamwinulia mkono."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeikumbatia kweli hiyo ndani ya lori la nta kutoka Sikonge hadi Tabora, na kila lori liliporuka shimo, ilizidi kuwa nyepesi.

Kwetu, mrina asali akikuta mizinga mitupu, husemwa kwamba mkewe ameingiza mwanamume mwingine nyumbani. Mimi, mzee wa kanisa, niliyakemea hayo mbele ya watu. Lakini juzi nilirudi kutoka porini nikiwa nimeacha mizinga kumi na miwili isiyo na hata nyuki mmoja. Nilimkamata mke wangu Kashindye mabega, nikamtikisa. "Sema ni nani!" Kichwa chake kilikwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama kibuyu cha kusukia maziwa. Hakulia. Asubuhi alimwaga unga kando ya chungu, akaniuliza mbona sijafungua dirisha. Jua lilikuwa limemjaa usoni.

Jirani yangu Lugembe alipopita, nilimweleza shaka yangu. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Yangu thelathini imehamwa, ndugu yangu! Miombo haikuchanua mwaka huu. Au mke wangu naye kakaribisha kikosi kizima?"

Miti hiyo isiyo na ua nilikuwa nimeiona porini kwa macho yangu mwenyewe, nikaipita.

"Nilianguka kisimani," Kashindye alimwambia mganga. "Mume wangu hapigi mtu."

Alikuwa amenijengea ukuta. Ningeweza kukaa nyuma yake, na heshima yangu yote, hadi uzeeni.

"Mama, nikijua lililokupata, nitajua pa kuanzia," alisema Wenceslaus.

"Nilimtikisa," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Hadi mikono yangu ikachoka."

Hakunilaani. Laiti angenilaani. Aliandika, akainua taa tena. "Mshike kichwa. Kisicheze hata kidogo."

Nilinyoosha mikono. Viganja vyangu vilipomgusa, mabega yake yalipanda yenyewe hadi masikioni.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua," alijibu, na mabega hayakushuka.