Arobaini Kati ya Arobaini

Wiki mbili nzima Mwalimu Mdoe alininyima nenosiri la seva. Kila nilipomwomba alisema mambo ya kuandika amri ni ya watu wa Dar, sisi Korogwe tunabofya na kazi inakwenda. Inakwenda wapi? Seva yetu ya chuo inabeba ndani yake kompyuta pepe arobaini, zisizoshikika kwa mkono, kila mwanafunzi na yake, na ni yeye peke yake aliyekuwa akiziwasha, mojamoja, kwa kipanya. Akichelewa, darasa zima linakaa barazani mpaka saa nne. Mimi, fundi wa maabara, nakaa nao.

Nilichotaka ni kifurushi kidogo cha programu za Linux, tena cha bure. Kikiwepo, unaandika mistari michache ya maelekezo na seva inaziwasha zote yenyewe asubuhi.

Jumatatu mkuu wa chuo alimwamuru anipe nenosiri, naye akanipa huku amenuna. Nikasakinisha kifurushi, kikagoma, kwa sababu jina langu halikuwa kwenye kundi la wasimamizi. Nikajiingiza kwenye kundi, nikatoka kwenye seva, nikaingia upya, kikakubali. Skripti yangu ya kwanza, yaani hiyo mistari ya maelekezo, ilikuwa ya kuwasha kompyuta zote na kuzihesabu. Jibu likaja: arobaini kati ya arobaini.

Mdoe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alishusha pumzi, akasema basi, ripoti ndiyo hiyo, niichapishe na kuisaini aipeleke kwa mkuu.

Nusura nisaini. Lakini mimi nimezaliwa kwenye boma la wafugaji, Handeni. Baba yangu hahesabu ng'ombe. Jioni anasimama langoni, anawatazama wakiingia, kisha anakwambia ni yupi hayupo. Nikaandika mstari mwingine, seva initajie majina ya wanafunzi wenye kompyuta hizo.

Yordani alikuwepo mara mbili. Chausiku hakuwepo.

Chausiku ni binti wa kijiji cha Kwashemshi. Mwezi uliopita alikuja kwangu analia, kompyuta yake haionekani na kazi yake ya mwaka mzima imo humo. Mdoe alimwambia mbele ya wenzake kwamba ameifuta mwenyewe kwa kuchezachezea, na kwamba atarudia mwaka. Msichana aliamini. Alirudi kwao milimani, na sasa anapalilia mahindi ya mama yake.

Nikafungua kumbukumbu za seva. Tarehe ileile aliyokuja analia, kwa jina la Mdoe, kompyuta ya Chausiku ilifutwa. Dakika kumi baadaye, kwa jina lilelile, ya Yordani ilinakiliwa ili idadi itimie.

Nilimgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe, akasoma, akavuta kiti akaketi.

"Nashilu, binti yangu," alisema taratibu, "mkono uliteleza. Idadi imetimia, hakuna aliyeuliza. Tuyamalize hapahapa."

Mkono wa mtu yeyote huteleza, hata wangu. Ningemsamehe siku hiyohiyo. Kilichoniudhi ni kwamba mtu mzima, mwenye mvi zake, alimtwika mtoto wa watu kosa lake, akaenda nyumbani akala, akalala. Nilimwambia hivyo, maneno yote, bila kupunguza hata moja. Shikamoo yangu ya asubuhi nilitamani kuirudisha mdomoni.

Akaniuliza nataka nini. Nikamjibu kwamba kwa mkuu nitakwenda mwenyewe na kumbukumbu hizi za seva, na Chausiku harudii mwaka hata kwa dawa. Ila Chausiku, yeye ndiye atakayeanza kumwambia ukweli.

Nikapiga namba ya msichana, nikaweka sauti ya juu, nikamsogezea simu. Aliitazama kama kaa la moto. Ikaita mara tatu. Ikapokewa.

"Ni mimi, Mwalimu Mdoe," alisema.

"Shikamoo, mwalimu," Chausiku alisema haraka, kabla mwalimu hajasema lingine. "Naomba unisamehe. Nikirudi sitagusa kitu mpaka uniruhusu."

Mdoe aliinuka kitini, akatazama mlango. Nami nilisimama mlangoni, nikangoja aseme ukweli.