Karatasi Safi

"Moja, mb... mb... mb..."

Kompyuta ilikwama tena, na sauti ya marehemu mumewe ikabaki hapo hapo kama mtu aliyepaliwa. Mpiga chapa alingoja. Tangu azike, jioni ndiyo ilikuwa saa yao: anaweka chai mezani, anabonyeza, na Fundi, mumewe, anasikika kwenye rekodi akikijaribu kipaza sauti alichokuwa amekitengeneza. "Moja, mbili, tatu. Bibi Chapa, unanisikia huko?" Kisha anakohoa, anacheka. Basi. Hicho ndicho alichoachiwa, na kila mara yeye humjibu, "Nakusikia." Majirani wangesikia wangesema kachanganyikiwa, na wala wasingekosea sana.

Sasa mashine ilikuwa imechoka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipopita kumjulia hali aliisikia ile sauti inavyokatikakatika, akasema dawa ni Linux: mfumo wa bure, mwepesi, unaofufua kompyuta zilizokata tamaa. Akamwachia flashi yenye mfumo huo. Alimwambia afuate tu anavyoulizwa, kwani mtu aliyezeekea kwenye vitufe atashindwa na nini? Maneno hayo yalimpendeza mama wa watu kuliko yalivyostahili.

Asubuhi akaichomeka flashi. Maswali yakaja moja moja: lugha, saa, jina lake. Akayajibu yote, na kila alipobonyeza "endelea" alijiona msichana siku ya kwanza kazini. Halafu likaja hili: aiweke Linux kando ya mfumo wa zamani, au afute diski yote aanze upya?

Hapo mkono ukasita. Angeweza kumpigia shemeji. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwamba hakosei, swali humkwama kooni. Na ofisini alifundishwa jambo moja: barua mpya haichapwi juu ya barua ya zamani. Unachomoa, unaweka karatasi safi. Alidhani kinachofutwa ni ule mfumo mzee tu, na sauti ya Fundi imekaa salama mahali pake, kama vyombo kabatini wakati sakafu inapigwa deki. Akachagua kufuta. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

Jamani, na ilifanya kazi! Kila kitu kilifunguka kabla hajaondoa kidole. Hakuweza kungoja jioni. Alichemsha chai mchana kweupe, akaketi, akafungua folda ya muziki. Tupu. Akafungua ya picha, ya nyaraka, akarudi tena kwenye ya muziki. Akampigia shemeji.

"Ulinakili faili zako kwanza?" shemeji aliuliza kwenye simu.

"Nizinakili wapi?"

Shemeji, ambaye hana breki ya mdomo, safari hii alishusha sauti. Kisha akamwambia taratibu aizime na asiandike chochote ndani yake. Wapo mafundi wanaoweza kufukua vilivyofutwa, wakati mwingine.

"Lakini siwezi kukuahidi kitu, shemeji. Na mimi nilipaswa kukuambia."

Alimjibu kwamba si kosa lake. Moyoni alimlaani, halafu akajilaani mwenyewe zaidi, maana yeye ndiye aliyeulizwa kama ana hakika.

Akaizima, akaifunika kwa kitambaa. Alikaa kitandani muda mrefu bila kulia. Kisha akaivuta taipureta yake ya zamani kutoka uvunguni, akaipuliza vumbi, akaingiza karatasi safi. Alikuwa na hofu ya kusahau. *Moja, mbili, tatu.* Mlio wa vyuma ukajaa chumba kizima. *Bibi Chapa, unanisikia huko?* Neno kwa neno, bila kosa hata moja, kama alivyozoea.

Halafu vidole vikasimama juu ya vitufe, vikitafuta kile cha kukohoa.