Mkuu wa Kaya Aje Mwenyewe

Mume wangu Alfonce alifariki Jumanne alfajiri, hapa Kigera, na nyumbani hapakuwa na kitambaa cha kumzikia. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Shuka letu la mwisho lilikuwa limechakaa hata kulianika nje tulikuwa tunaona haya.

Duka la kaya, lililouza bidhaa za mgawo kwa kadi, lilikuwa na jora la amerikani. Nililiona kwa macho yangu. Nikatoa barua ya balozi wa nyumba kumi, nikatoa na kadi.

"Pole sana, mama," akasema Boniphace, karani wa duka. "Lakini nguo haitolewagi bila mkuu wa kaya kutia dole gumba mwenyewe. Ndiyo sheria."

"Mkuu wa kaya ndiye amekufa."

"Basi nenda wilayani wakubadilishie kadi. Wiki tatu hivi."

Wiki tatu! Boniphace hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichoma. Sheria ilitungwa kuwakomesha walanguzi waliokuwa wakinunua kwa majina ya watu. Walanguzi waliendelea kunenepa, sheria ikatukaba sisi. Watu kwenye foleni walinihurumia huku wakitazama chini, maana kila mmoja aliogopa kufutwa kwenye daftari. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia shemeji yangu Kasmiri, "Mbebeni."

"Tumpeleke wapi?"

"Dukani. Wanamtaka mwenyewe."

Kasmiri alidhani nimerukwa na akili. Nikashika mguu wa kitanda alicholazwa peke yangu, ndipo wanaume wanne wakaona aibu, wakakiinua. Tulipofika, foleni ilitupisha. Tukakitua kitanda mbele ya dirisha, nikafunua mkono wa mume wangu.

Boniphace alilishusha jora haraka. "Chukua tu, mama. Chukua uende."

"Sichukui. Kesho mtasema nimeiba. Lete wino."

Nilikibonyeza kidole cha Alfonce kwenye wino, kisha kwenye daftari, taratibu. Kilikuwa cha baridi. Hapo ndipo nilipolia.

Boniphace akapima kitambaa, akakikunja, akafunga daftari.

"Fungua," nikamwambia. "Mkuu wa kaya yangu sasa ni nani?"

Akalifungua tena. Nyuma yangu Dorotea, mjane aliyekaa miaka miwili bila kupewa hata sabuni kwa kuwa kadi ilibaki na jina la marehemu mumewe, akasogea na kadi yake mkononi. Nyuma yake akasogea mwingine.

"Andika mimi, Dafroza," nikasema. "Halafu umwandike na huyu."