Mstari Katikati ya Kifua

Mgonjwa wangu, mama mshonaji, alikuwa akinywa uji tu, na hata huo ulimkwama katikati ya kifua. Picha za eksirei zilionyesha dawa nyeupe aliyoinywa ikisita papo hapo. Kipimo cha mpira, ule unaopitishwa puani hadi tumboni kupima jinsi umio, njia ya chakula, unavyobana, kilisema umio wake ni mzima kabisa. Mtu mmoja, majibu mawili yanayogombana, na kesho asubuhi nilitakiwa kupitisha puto nipanue pale palipokwama. Sipendi kubahatisha na mwili wa mtu. Nikaagiza kipimo cha mpira kirudiwe, mbele ya macho yangu.

Mdogo wake, aliyemsindikiza, alinivuta pembeni akaniambia nisijisumbue. Dada yake anadeka tu. Tangu afiwe na mume anadai kuna mtu anabisha hodi kifuani mwake, hasa akilala. Alicheka. Mimi sikucheka.

Fundi wa mtambo akamlaza, akaupitisha mpira, akamwambia asimeze mpaka aambiwe. Kwenye skrini umio ulitakiwa kuwa wa buluu tupu, umetulia. Lakini katikati palikuwa na mstari mwekundu, unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika. Nikamwomba mgonjwa azuie pumzi, nione kama ni kupumua kwake. Mstari haukujali.

Nilimuuliza fundi mbona kwenye majibu ya kwanza haukuwepo.

"Huo huwa naufuta, daktari," alisema bila wasiwasi wowote. "Ni moyo tu, unachafua picha. Nafuta kwa kila mtu."

Nikamshika mshonaji mkono, pale penye mapigo. Mapigo na mstari vilikwenda pamoja. Ila moyo wenye afya haukandamizi umio namna ile, tena juu kiasi kile. Ulikuwa mshipa mkubwa wa damu, umevimba, umeegemea umio. Na mimi kesho ningeutanulia puto palepale. Niliogopa waziwazi.

Nilimweleza yote, maana kifua ni chake. Mdogo wake akakaa sakafuni.

"Unaweza kupasuka?" mshonaji aliuliza, sauti ikikwaruzwa na mpira.

"Ndiyo."

"Hata sasa?"

Nilitamani kumdanganya. "Hata sasa, mama."

Aliutazama mpira uliotokeza puani mwake. Ulikuwa umelala ubavuni mwa kile kitu, na ilibidi utoke.

"Basi uvute wewe," alisema. "Polepole."

Fundi akarudi nyuma. Nikaushika mpira, nao ulikuwa ukidunda vidoleni mwangu.